Pete Nne: Kutoka Jani la Mkonge Hadi Ndani ya Jeni

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu wa Handeni na Korogwe, leo sungura na fisi wapumzike. Shujaa wa hadithi yangu ni mdogo mno, hata hadubini ya maabara ya shule haimwoni. Nitamwita Pete Nne, maana ndivyo alivyo: atomi 17 za kaboni zimeshikana zikafanya pete nne, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano. Wanakemia humwita steroidi. Yumo katika damu yenu, yumo katika mbu anayewasumbua usiku, na jamaa yake yumo katika mkonge mnaouona mkipita kwa basi Hale au Ngombezi.

Mtaniuliza, mkonge na damu vina undugu gani? Tulieni, ndiyo hadithi yenyewe.

Mkonge si mwenyeji wa Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Asili yake ilikuwa Yucatán, huko Meksiko. Safari ya bahari ilikuwa ndefu, mingi ikafa. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa hiyo michache yakaja mashamba ya Magoma, Mwelya, Ngombezi na mengine mengi. Wakaja na manamba kutoka kila pembe ya nchi, wakakata majani kwa kandarasi. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na dunia nzima ilifunga mizigo yake kwa kamba za kwetu.

Lakini anayejua kiwanda cha mkonge anajua pia uchafu wake. Mashine ya korona ikishalisaga jani, singa zinazobaki ni takriban sehemu nne katika mia ya uzito wake. Sehemu nyingine ni machicha na maji ya kijani yanayowasha mwili, na kwa miaka mingi yalitupwa. Ndani ya maji hayo yaliyotupwa alikuwamo Pete Nne wa mkonge, aitwaye hekojenini. Hakuna aliyemtafuta, mpaka habari zilipotoka Marekani.

Mwezi Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo mjini Rochester, daktari Philip Hench alimdunga mama mmoja dawa mpya iliyofanyiwa kazi na mwenzake Edward Kendall. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi uliokaza viungo vyake hata kutembea kukawa taabu. Baada ya siku chache akatembea. Dawa ile ni kotisoni, mmoja wa ukoo wa Pete Nne. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kila mgonjwa akaitaka, nayo ilikuwa adimu. Ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za kikemia. Ugumu ulikuwa mmoja: kotisoni haifanyi kazi bila atomi ya oksijeni kukaa kwenye kaboni namba 11, na kuiweka hapo ni kazi kubwa. Sasa wanakemia wa London wakaona kwamba hekojenini ya mkonge tayari ina oksijeni kwenye kaboni namba 12. Kuisogeza nyumba moja ni rahisi kuliko kuijenga upya. Mmoja wao aliitwa John Cornforth, ambaye baadaye, mwaka 1975, alipata Nobel kwa kazi nyingine. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaanza kutumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengeneza kotisoni na dawa za ukoo wake. Taka za korona zikawa tiba.

Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine inaanza pale dawa inapoingia mwilini. Pete Nne ni mdogo, hana meno wala nguvu. Anawezaje kutuliza goti lililovimba?

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika kijiji cha zamani mbiu ilisikika kwa wote, lakini hawakutoka wote. Ikiwa ni mbiu ya kuzima moto, walikimbia wenye nguvu; ikiwa ni ya wawindaji, walitoka wawindaji na wengine wakaendelea kupepeta mtama. Homoni ndiyo mbiu ya mwili. Tezi inaitoa, damu inaieneza kutoka utosini hadi unyayoni, na inapita mlangoni pa kila seli. Lakini inajibiwa na seli zenye sikio lake tu, na kila moja hujibu kwa kazi yake.

Sikio hilo wataalamu huliita kipokezi. Nalo ni protini, mnyororo mrefu uliokunjwa vizuri mpaka ukaacha tundu la kumwenea Pete Nne wa aina moja. Aliyelithibitisha kwanza ni Elwood Jensen, huko Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alichukua homoni ya kike, estrojeni, akaitia haidrojeni yenye mnururisho ili aweze kufuatilia njia yake, kisha akawapa panya wa kike. Katika misuli homoni ilipita ikaenda zake. Katika mfuko wa uzazi ilishikwa ikabaki. Basi kulikuwa na kitu huko ndani kinachoishika.

Fuateni sasa safari ya kotisoli, Pete Nne anayetolewa na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zenu. Kila siku kabla hamjaamka, jogoo wakiwika, kiasi chake katika damu kinapanda ili mwili ujiandae kwa kutwa. Kotisoli hutengenezwa kutokana na kolesteroli, ambayo ni aina ya mafuta. Kwa kuwa ina asili ya mafuta, na utando wa seli umejengwa kwa mafuta, haigongi hodi. Inapenya.

Ndani ya seli kipokezi chake kinasubiri nje ya kiini. Hakiko peke yake. Protini nyingine zimekizunguka na kukishika kisikunjuke ovyo. Kotisoli inapoingia tundu lake, kipokezi kinabadili umbo. Washikaji wanakiachia, nacho kinaingia ndani ya kiini. Huko kinaungana na kipokezi mwenzake, wawili kwa pamoja, tayari kutafuta mahali pao kwenye DNA.

Kumbukeni ukubwa wa kazi hiyo. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa ina urefu wa karibu mita mbili, na imeandikwa kwa nakala mbili za herufi bilioni tatu, za aina nne tu: A, T, G na C. Humo mna jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kipokezi kinatafuta sentensi fupi ya herufi 15: sita za kwanza AGAACA, tatu za katikati zozote ziwazo, na sita za mwisho TGTTCT. Ukiisoma sentensi hiyo kwenye uzi wa pili wa DNA, kwa kurudi nyuma, utaikuta ileile. Ndiyo maana vipokezi huja wawili: kila mmoja anashika upande wake.

Wanashika kwa kitu gani? Kwa sehemu ambazo wataalamu waliziita vidole vya zinki. Kila kipokezi kina viwili, na katikati ya kila kidole mna atomi moja ya zinki inayoshikilia umbo lake. Zinki ni madini yaleyale tunayoyapata katika nyama, maharage na mbegu. Mwaka 1985 maabara ya Ronald Evans katika Taasisi ya Salk, California, ilisoma jeni ya kipokezi cha kotisoli cha binadamu, na kipokezi hicho kikaonekana kuwa mnyororo wa amino asidi 777. Mwaka uliofuata Pierre Chambon na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, wakasoma cha estrojeni. Walipolinganisha, wakaona ni ndugu. Leo tunajua ukoo huo una vipokezi 48 kwa binadamu, kikiwamo cha vitamini D ambayo ngozi yenu huitengeneza kwa msaada wa jua.

Kipokezi kikishashika sentensi yake, kinaita wasaidizi. Baadhi yao hulegeza DNA iliyosokotwa kwenye protini ziitwazo histoni, ili jeni iliyofungika isomeke. Kisha huja kimeng'enya kinachonakili jeni hiyo kwenye RNA. Nakala inatoka nje ya kiini, inasomwa, na protini mpya inajengwa. Kazi hii huchukua dakika kadhaa hadi saa nyingi. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anayepewa vidonge vya steroidi haponi palepale. Jeni zinasomwa kwanza.

Na si kuwasha jeni tu. Kipokezi hichohicho huweza kuzima. Mwili ukiumia, jeni za uvimbe huwashwa: damu inaongezeka, askari wa kinga wanaitwa, mahali pale panapata moto na kuuma. Kipokezi chenye kotisoli huwazuia wale wanaoziwasha jeni hizo. Hapo ndipo goti la yule mama wa Rochester lilipotulia.

Lakini nani aliona kwa macho kwamba homoni inagusa jeni? Hadithi hiyo ina mdudu. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walichukua kilo 500 za mabuu waliojifunga wa nondo wa hariri, wakawachuja, na mwisho wakapata miligramu 25 za homoni inayomfanya mdudu ajivue gamba. Nusu tani kwa chembe usiyoweza kuishika kwa vidole! Wakaiita ekdisoni, naye ni Pete Nne. Mwaka 1960 Karlson na Ulrich Clever waliwadunga ekdisoni viluwiluwi vya mdudu anayefanana na mbu lakini haumi. Mdudu huyo ana kromosomu kubwa mno, zinazoonekana vizuri kwa hadubini. Baada ya muda mfupi, mahali fulani fulani kwenye kromosomu pakavimba, palepale na si pengine. Uvimbe ule ulikuwa jeni zinazofunguka kusomwa. Kwa mara ya kwanza binadamu alitazama mbiu ikijibiwa.

Nasi wa Korogwe mdudu wetu tunamfahamu vizuri zaidi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa, na Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Mbu jike anayeeneza malaria hawezi kutaga bila kunywa damu. Akishashiba, ovari zake hutoa ekdisoni. Homoni hiyo, ikishabadilishwa kidogo, inakamata kipokezi chake katika seli za mafuta, na kipokezi kinawasha jeni ya protini ya kiini cha yai. Siku mbili tatu baadaye mayai yako tayari. Tena mdudu hawezi kujitengenezea kolesteroli. Lazima aipate katika chakula. Kwa hiyo pete nne anazotumia mbu zinaweza kuwa zilikuwa zako juzi. Na katika mbu wa jamii ya Anopheles gambiae, dume naye hubeba homoni hii, humkabidhi jike wakati wa kupandana. Watafiti wanaichunguza njia hiyo kwa makini, kwa sababu anayeweza kuvuruga mbiu ya mbu anaweza kupunguza mbu.

Twendeni Handeni sasa. Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa thamani ya maji. Wameyachota malamboni na kuyasubiri kwenye bomba kuu la Handeni, HTM, linalovuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe. Mwili nao una hesabu yake ya maji. Ukitembea juani ukatoka jasho, unapoteza maji na chumvi. Tezi zilezile za juu ya figo hutoa Pete Nne mwingine, aldosteroni. Kipokezi chake katika figo huwasha jeni za milango na pampu za kurudisha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na chumvi ikirudi maji huifuata. Tezi za jasho nazo humsikia. Ndiyo maana mtu aliyezoea joto hutoa jasho lenye chumvi kidogo kuliko mgeni.

Hapa kuna kitendawili kizuri. Kipokezi cha aldosteroni hakichagui sana: hata kotisoli hukienea. Na katika damu kotisoli ni nyingi kuliko aldosteroni mara mia na zaidi. Mbona figo haichanganyikiwi? Jibu lake ni kimeng'enya kinacholinda mlango wa seli hizo. Kila kotisoli inayoingia inageuzwa kuwa kotisoni, ambayo kipokezi hakiisikii. Naam, kotisoni ileile ya Hench! Yenyewe ni bubu. Ilimpa nafuu yule mama kwa sababu ini liliigeuza kuwa kotisoli. Mwili hutumia badiliko dogo la kikemia kuinyamazisha mbiu mahali pamoja na kuipaza mahali pengine.

Nanyi mlio katika umri wa kubalehe mna ushahidi wenu. Testosteroni inapanda, kijana wa kiume sauti inakuwa nzito na ndevu zinaota. Estrojeni inapanda, binti matiti yanaota na nyonga zinapanuka. Homoni inapita mwili mzima, lakini ndevu hazioti kwenye kiganja. Seli ya kidevu na seli ya koo zimepata habari moja. Kilichotofautiana ni vipokezi vyao na jeni zilizo wazi ndani ya kila moja. Anayebalehe mapema si mkubwa kuliko wenzake kwa akili, na anayechelewa hana upungufu. Kila mwili una ratiba yake.

Hili ndilo ninalotaka mlishike katika hadithi yote. Pete Nne hajui kutibu wala kudhuru. Hubeba habari tu. Seli ndiyo huamua ifanye nini nayo. Tabibu anayejua hayo huokoa watu. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano ya betamethasoni kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati huharakisha mapafu ya mtoto kukomaa, apumue akizaliwa. Mwaka 2020 deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilionekana kupunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliozidiwa hata kuhitaji oksijeni.

Asiyejua huumia. Sokoni na kwenye simu zenu mtaona mikebe na tyubu za krimu zinazoahidi ngozi nyeupe na laini. Nyingine zimechanganywa na kuitwa mkorogo. Nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni. Sasa mnaweza kujieleza wenyewe kinachotokea. Steroidi inapenya seli za ngozi na kipokezi kinazima jeni za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Miezi ikipita ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, chunusi zinaenea, kidonda hakikauki. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, nyingine huingia kwenye damu, ikapandisha sukari na shinikizo. Tezi za juu ya figo nazo, zikiona kotisoli bandia imejaa, huacha kufanya kazi. Ndiyo sababu serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni.

Basi vijana wangu, chukueni maneno mawili. La kwanza: daktari akikuandikia dawa ya steroidi, kwa pumu au ugonjwa mwingine, itumie kama alivyosema, na ukiwa umeitumia kwa wiki nyingi usiiache ghafla, tezi zilizolala zinahitaji muda kuamka, na kuziacha bila msaada ni hatari kwa uhai. Rudi kwake akupunguzie dozi taratibu. La pili: krimu usiyojua kilichomo usiipake, hata ukipewa bure na rafiki. Soma lebo, muulize mfamasia, na isiyo na lebo iache dukani.